Stesheni Iliyokimbia Kaburi

Jumatatu, 2 Juni

Nimeanza kuandika. Mwanamume mwenye mipango anahitaji mahali pa kuiweka ambapo mke wake hapekui. Daftari litakaa chini ya gunia la mahindi.

Leo mkutano mkubwa shuleni. Afisa mipango anaitwa Beatrice. Binti mpole, miwani mikubwa, hapandishi sauti hata ukimkatiza. Nimemkatiza mara tatu. Ametueleza kuhusu reli nyepesi: mabehewa mafupi ya umeme, yatoke Sirari, yapite kwetu Kerende, yafike Mugumu. Haijengwi kesho. Labda miaka sita, labda kumi. Lakini anataka tupange mapema stesheni ikae wapi, soko wapi, zahanati wapi, vijana wafanye kazi gani, maziwa yapoozwe wapi yasichachuke. Tukapewa karatasi za manila na kalamu za rangi tuchore kijiji tunachokitaka.

Mke wangu Agness ndiye aliyeshika kalamu. Yeye na wenzake kumi na watatu wana kikundi cha maziwa, na kibanda chao kiko njia panda, kwenye kona ya shamba letu. Akakichora kibanda. Pembeni yake akachora chumba cha ubaridi. Pembeni ya hicho, stesheni. Beatrice akasema kwa tathmini ya kwanza njia panda yetu ndiyo inaongoza, kwa sababu watu tayari wanakutana pale. Agness amerudi nyumbani anaimba. Miaka tisa anabeba madumu kichwani alfajiri, na nusu ya maziwa huharibika kabla ya kufika kwa mnunuzi. Sijamsikia akiimba tangu mwaka juzi.

Mimi sikuchora. Soda zilipogawiwa nilitoka nje na yangu, nikahesabu hatua kutoka kigingi cha wapimaji hadi shamba letu. Kumi na saba! Wenzangu wanapaka rangi, mimi napima. Ndiyo maana nina daftari.

Jumanne, 3 Juni

Tegesha. Mtu wa Dar ukimwambia neno hili anafikiri unamtega ndege. Sisi wa huku Nyamongo, penye mgodi, tumelelewa nalo. Ukisikia ardhi yako inatakiwa, unapanda miche harakaharaka, unainua nyumba isiyo na msingi, unakaa kivulini kumsubiri mthamini aje akuandikie fidia. Marehemu baba alitegesha. Mimi nimetegesha mara mbili. Mara ya kwanza miparachichi, mbuzi wakaila. Mara ya pili nyumba, ikaanguka mthamini akiwa mlangoni. Hakuumia sana.

Nimemweleza Agness kwamba bahati imerudi. Akasema hii siyo ile. Akasema hawa watu hawaji kutuhamisha, wanakuja kuuliza tunataka kukaaje, na kwa mara ya kwanza wameuliza kabla ya kuanza. Akaniomba jambo moja tu maishani: nisiiguse njia panda. Nikaahidi. Nilikuwa nasema kweli. Huwa nasema kweli kabisa wakati wa kuahidi.

Alhamisi, 5 Juni

Odoyo kapita. Huyu ni mfanyabiashara wa Gorong'a, kijiji cha jirani, ndiye anayenunua maziwa ya akina mama. Pikipiki mbili, ndugu Migori ng'ambo ya mpaka, viatu vyeusi ambavyo vumbi la Juni linaviogopa. Ameniambia Gorong'a nao wamechora ramani yao, karatasi nne zimegundishwa pamoja. Wao ni wa pili kwenye orodha. Akaniuliza kwa upole mimi binafsi nimejipangaje. Nikamjibu kuna jambo kubwa linakuja. Hakukuwa na jambo lolote.

Mchana nikatafuta miche. Imekwisha, kila mtu kanunua. Mabati? Agness anajua idadi ya mabati yetu kuliko idadi ya vidole vyangu. Nikaenda mashineni kusaga, nimekata tamaa. Pale foleni mzee mmoja akasimulia kwamba nyumba siku hizi hailipiwi vizuri. Kinacholipiwa ni kaburi. Jeneza jipya, usafiri, mchungaji, chakula cha waombolezaji, vyote juu ya mradi.

Nimesahau unga mashineni.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Ibada ndefu, mapambio, ushuhuda. Nikasingizia tumbo. Wakati kijiji kizima kinampokea Roho Mtakatifu, mimi nachimba njia panda, hatua nne nyuma ya kibanda cha maziwa. Ndiyo, njia panda. Kaburi ukilichimba bondeni nani ataliona?

Shimo halikuwa refu. Kiuno tu, ardhi ni ngumu. Nikarudishia udongo, nikainua tuta zuri, nikachonga msalaba kwa ubao wa kitanda chetu kibovu. Tatizo likaja kwenye jina. Marehemu wangu wote wana makaburi yao, na yanajulikana. Mthamini hapokei kaburi lisilo na mwenyewe. Nikafikiri, nikafikiri. Nani yuko mbali, ni mzee, hana simu, hatakuja? Shangazi Mokami wa Mbalibali.

Niseme hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: Shangazi Mokami ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa na mwaka mmoja. Shangazi alinibeba mgongoni wakati ana wake wa kubeba. Niliandika jina lake kwa herufi nzuri. Mwaka wa kuzaliwa siujui, nikaandika "Zamani".

Agness alirudi kanisani, akasimama mbele ya msalaba na Biblia mkononi. Akasoma. Akasoma tena. Nikajiandaa kwa kelele.

"Shangazi anajua kwamba amekufa?" akauliza.

Nikacheka, nikidhani ni utani. Akaniambia nilifukue tuta lile kabla ya watu wa mipango kuja kesho. Nikaahidi.

Jumatatu, 9 Juni

Beatrice alikuja saa moja na nusu asubuhi. Nani anakuja saa moja na nusu? Mimi nilikuwa nakunywa chai ili nipate nguvu ya kufukua.

Alisimama mbele ya kaburi akavua kofia. Akanipa pole. Nikapokea! Mdomo wangu ulipokea wenyewe. Akauliza kama marehemu alikuwa ndugu wa karibu, nikasema kama mama yangu, na hilo lilikuwa kweli, machozi yakanilengalenga. Akaandika kwenye kishikwambi chake. Nikasubiri neno fidia.

Akasema anasikitika sana, kwa kuwa sasa stesheni haiwezi kukaa hapa. Mkutano wa Jumatatu iliyopita ulipitisha kwa kauli moja kwamba hakuna kaburi litakalohamishwa katika mradi huu. Pendekezo lilitoka kwa mama mmoja ambaye kaburi la baba yake lilihamishwa barabara ilipopanuliwa huko kwao, na mpaka leo akienda kuweka maua hana hakika kama baba yupo pale. Wote waliinua mikono. Beatrice akashangaa kwamba sikumbuki, maana mama huyo ni Agness.

Nilikuwa nje na soda. Nahesabu hatua.

Pingamizi zinapokelewa hadi mkutano wa Ijumaa. Agness amesema niende leo hii nikamwambie Beatrice kwamba shimo ni tupu. Nitakwenda. Lakini mtu haendi kujiita tapeli siku ya Jumatatu, wiki nzima iko mbele. Najuta. Nitakwenda Ijumaa.

Jumatano, 11 Juni

Balaa. Majirani waliniona napewa pole na afisa. Kuhusu stesheni hawajasikia. Wameona tu mtu kachimba Jumapili, Jumatatu kaandikwa. Kufikia leo mchana makaburi yamekuwa tisa kuzunguka njia panda. Tisa! Hakuna matanga, hakuna aliyelia, hakuna hata sufuria moja ya makande. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Vedasto, ana la kwake, limejengewa kwa tofali za kuchoma. Nimejaribu kuwaambia waache. Wakasema nataka kula peke yangu.

Jioni wakaja watu wa afya na gari. Mtu kawapigia simu kwamba Kerende wamekufa watu tisa ndani ya siku nne. Wamevaa barakoa na glavu. Wakatuuliza kama tunaharisha. Wakafunga kila kinachouzwa cha kunywa mpaka wachunguze, wakaanza na maziwa. Agness na wenzake wamemwaga madumu sita mbele ya kibanda. Mbwa wa kijiji kizima walikuja. Agness alikuwa anamwaga polepole, anaangalia yanavyozama ardhini, hakuniangalia hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Nimezima simu. Ndugu wa Mbalibali wanapiga, na sina la kuwaambia.

Alhamisi, 12 Juni

Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi nikasikia kilio barabarani. Kilio cha kweli, cha mama mzima, kile kinachoanzia tumboni. Nikatoka. Shangazi Mokami! Amevaa khanga nyeusi, amejifunga kitambaa kichwani, mkononi kuku wa rambirambi. Huko Mbalibali zilifika habari kwamba kuna msiba kwa Hezekia, yaani kwangu. Hazikusema nani. Simu yangu haipatikani, basi akadhani ni Agness, au ni mimi mwenyewe. Amesafiri tangu jana, miguu imevimba. Aliponiona nimesimama alinishika uso kwa mikono miwili, akanigusa masikio, pua, kama mtu anayekagua ndama sokoni. Akamshukuru Mungu. Nikampokea kuku.

Halafu akaomba apelekwe kaburini. Shangazi hajui kusoma. Akasimama mbele ya jina lake mwenyewe, akaniuliza, "Mura, kijana wangu, ni nani huyu?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, niingie tu. Nikasema ni mama mmoja wa mbali, hakuwa na ndugu.

"Basi leo mimi ni ndugu yake," akasema.

Akapiga magoti na miguu ile iliyovimba. Akamlilia huyo mama. Akamwambia alale vizuri, akamwambia asiogope kuwa peke yake, kuna watu wamekuja. Akaokota udongo akaurusha tutani mara tatu. Nilisimama nyuma yake nimeshika kuku.

Agness alituona kutoka kibandani. Amempokea Shangazi, akamkanda miguu kwa maji ya moto. Hajamwambia. Ameniambia mimi: kesho mkutanoni utasema, au nitasema mimi. Mimi ni mtu mbaya. Nimeliandika hilo kwa kalamu ya wino, lisifutike.

Ijumaa, 13 Juni

Nilipanga nimwambie Shangazi nyumbani, polepole, kabla ya mkutano. Akanywa uji, nikasema asubiri amalize uji. Akamaliza, nikasema asubiri avae viatu. Tukafika shuleni. Kwa kuwa ni mgeni na ni mzee akawekwa mstari wa mbele, karibu na Agness.

Odoyo alikuwepo, wajumbe wa Gorong'a wamekuja kusikiliza. Viatu vyake sitaki kuvizungumzia.

Beatrice akafungua kwa heshima. Watu wa afya wamethibitisha hakuna ugonjwa. Akasema kabla ya pingamizi angependa kuwasoma marehemu wa njia panda kwa majina, tusimame tuwakumbuke. Nilikuwa nimeinua mkono! Naapa, mkono ulikuwa juu. Akanionyesha kwa ishara nisubiri. Jina la kwanza kwenye orodha: Mokami Werema, wa Mbalibali.

Shangazi akageuka kushoto, akageuka kulia. Akainuka kwa mkongojo.

"Mimi niko hapa," akasema.

Mtu mmoja akacheka, halafu darasa lote, halafu wakaacha, maana Shangazi hakuwa anacheka. Alikuwa ananiangalia. Alikuwa ameelewa jana alimlilia nani. Nikasimama. Nikasema kila kitu. Kwamba shimo ni tupu, kwamba nilitegesha, kwamba nilikuwa nje na soda. Nikasema stesheni ibaki kwetu, akina mama hawana kosa. Nilisema vizuri, hata mimi nilijishangaa. Nilidhani mambo yamekwisha.

Beatrice akanishukuru. Akaandika. Kisha akauliza kama kuna mwingine mwenye kaburi tupu. Nane wakatazama sakafu. Akauliza tena. Vedasto akatoa leso, akapangusa jicho, akasema marehemu wake alikuwa mtu wa watu.

Basi. Beatrice akasema kwa sauti ya chini kwamba hawezi kufukua kaburi la mtu kuhakiki kama kuna mtu. Utaratibu ni ule tulioupitisha wenyewe. Njia itapinda, na stesheni itapangwa Gorong'a. Odoyo akasimama kutupa pole kwa niaba ya Gorong'a. Alitoa pole kwa dhati. Hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Agness akaenda ukutani, akabandua ile karatasi ya manila yenye kibanda na chumba cha ubaridi. Akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya kwapa, akamshika Shangazi mkono wakatoka.

Jumapili, 15 Juni

Shangazi hakutaka kuondoka kabla ya kumaliza jambo. Anasema shimo lililochimbwa kwa jina la mtu haliachwi hivihivi, litaendelea kumsubiri. Unakata mgomba, unauvisha nguo, unauzika kama mtu, ndipo shimo linashiba. Mchungaji alisikia, akajifanya hakusikia, lakini baada ya ibada akaja na kitabu cha nyimbo.

Nimekata mgomba mzuri. Shangazi akavua ile khanga nyeusi akanipa niuvishe. Nimefukua tuta langu lote mbele ya watu, safari hii hadi urefu wa kaburi la kweli. Hakuna aliyenisaidia na sikuomba. Akina mama wa maziwa wakaimba. Nikaushusha mgomba mikononi mwangu, mzito, unatoa maji, na hapo nikaanza kulia nisiweze kuacha. Najua ni mgomba. Nililia hata hivyo.

Shangazi akanishika bega. Akasema alinibeba mgongoni miaka mitatu, na hakuwahi kufikiri kwamba nitakuwa na haraka ya kumteremsha. Akasema amenisamehe. Nusu saa baadaye akapanda gari la Mugumu, na kuku akaniachia mimi.

Usiku huu Agness anapanga nguo zake. Kikundi kimekubaliwa Gorong'a. Odoyo amewapa mahali karibu na stesheni itakapokuwa, wakae mapema, wajulikane. Atakuwa huko wiki mbili za mwanzo, kisha atakuwa anarudi kila Jumamosi. Nimemuuliza kama ananiacha. Akasema hapana, anayafuata maziwa. Kitanda kitakuwa kikubwa mno, na ubao wake mmoja niliuchonga msalaba.

Jumanne, 24 Juni

Siku tisa za kupika mwenyewe. Nimejifunza mengi. Nimejifunza kwamba mtu akikosea lazima akae chini ajiulize kosa lenyewe lilikuwa wapi hasa. Nimekaa. Nimejiuliza.

Leo nimekwenda Gorong'a kumwona Agness. Nimenyoa ndevu, nimempelekea mahindi mabichi, daftari nimelificha chini yake. Amenipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Kibanda chao ni kipya, mabati mapya, ukutani wameibandika ile karatasi ya manila, mikunjo yake bado inaonekana, na juu yake wamefuta Kerende wakaandika Gorong'a. Amenipa chai ya maziwa, kikombe kizima, akaketi nami. Akaniambia Beatrice anakuja Alhamisi kupitisha mahali pa stesheni moja kwa moja. Akaniuliza kama nitakuja kusimama naye. Nikasema nitakuja. Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Pentekoste, akaingia ndani kusonga ugali.

Nikabaki nje peke yangu. Kigingi cha wapimaji kipo hata huku. Nikahesabu hatua hadi kibandani, kwa kujifurahisha tu. Hatua kumi na moja! Kerende zilikuwa kumi na saba.

Kosa lilikuwa jina. Ndilo kosa lote, ukilitazama vizuri. Niliandika jina la mtu ambaye hakuulizwa, akaumia, na haki yake. Lakini mtu akiandika la kwake mwenyewe, nani ataumia? Na ile sheria ya makaburi ilipitishwa Kerende. Hapa ni Gorong'a. Jembe la Odoyo lilikuwa limeegemezwa ukutani, na ardhi ya huku ni laini, inachimbika.

Msalabani nimeandika hivi: "Hezekia Werema, mume wa Agness." Limependeza.

Agness ananiita, ugali umeiva. Nimemjibu asubiri kidogo, namalizia.